Chungwa Lililomenywa

Jaza maji ndoo ya lita 20 hadi karibu na mdomo, kisha tia humo chungwa zima na maganda yake. Litaelea. Litoe, limenye, lirudishe majini. Mara nyingi litashuka mpaka kwenye kitako cha ndoo na kutulia huko. Sasa waulize wanafunzi wa Kidato cha Kwanza: chungwa hili limeongezeka uzito au limepungua? Limepungua, watasema, maana maganda wanayaona juu ya meza. Imekuwaje basi lilipokuwa zito likaelea, na lilipopungua likazama?

Swali hilo nililisikia katika shule moja ya kata upande wa Kerenge, wilayani Korogwe, sehemu ambayo chungwa haliombewi fungu la maabara. Darasa lilikuwa limejaa, madawati yamesogezwa ukutani, ndoo iko katikati juu ya kiti. Kabla ya kulimenya, mwalimu aliwataka wote waseme litakuwaje. Karibu mikono yote ilipanda upande wa "litaelea zaidi". Lilipozama, ikazuka ile kelele ambayo walimu wakuu huja kuiulizia. Kisha kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, ganda lilikuwa boya lake." Alikuwa amefika. Sehemu nyeupe ya ganda imejaa vitundu vya hewa, inachukua nafasi kubwa kwa uzito kidogo. Ukilimenya chungwa unalipunguzia uzito, lakini unalipunguzia zaidi nafasi linayoichukua majini, na maji husukuma kwa kadiri ya nafasi hiyo.

Mada ya msukumo wa maji kwenda juu hufundishwa kana kwamba ugumu wake uko kwenye hesabu. Hesabu yake ni kutoa na kuzidisha, basi. Ugumu uko kwenye imani ambazo mtoto huja nazo kutoka mtoni na kisimani: kwamba kizito huzama na chepesi huelea, kwamba kadiri unavyoshuka ndivyo maji yanavyokusukuma zaidi, kwamba kitu kikiwa ndani ya maji hupoteza uzito wake kama nguo inavyopoteza rangi. Imani hizi hazing'oki kwa fomula kuandikwa ubaoni. Fomula inakaa juu yake, kama chokaa juu ya ukuta wenye unyevu, na siku mbili baadaye ukuta unatokeza.

Tazama swali la kawaida la mazoezi. Jiwe lina uzito wa niutoni 5 hewani na niutoni 3 likizamishwa majini. Kokotoa msukumo wa maji. Mwanafunzi anatoa 3 kwenye 5, anapata 2, anapewa vema. Kwa miaka mingi kanuni ya Archimedes na sheria ya kuelea zimekuwa kwenye muhtasari wa Fizikia wa Kidato cha Kwanza, na swali la sura hii limezunguka kutoka daftari hadi daftari. Sina ugomvi nalo. Ila baada ya ile vema, muulize mwanafunzi huyo huyo: nikilishusha jiwe hili nusu mita zaidi, bila kugusa chini, mizani itasoma 3, zaidi ya 3, au pungufu? Hapo utaona kalamu zikisimama. Jibu ni 3 ile ile, na mwanafunzi aliyepata vema hana njia ya kulijua, kwa sababu alichojifunza ni kutoa namba ndogo kwenye kubwa.

Sababu yake haihitaji kitabu kinene. Maji yana uzito, kwa hiyo yaliyo chini yamebanwa na yaliyo juu, na kadiri unavyoshuka shinikizo linaongezeka. Jiwe lina tumbo na lina mgongo. Tumbo liko chini kidogo kuliko mgongo, kwa hiyo linasukumwa kwenda juu kwa nguvu zaidi ya ile inayousukuma mgongo kwenda chini. Tofauti ya nguvu hizo mbili ndiyo msukumo tunaouzungumzia. Ukilishusha jiwe, shinikizo linaongezeka tumboni na mgongoni kwa kiasi kile kile, na tofauti inabaki vile vile. Mwalimu asiyefika kwenye tumbo na mgongo atalazimika kusema "ndivyo kanuni inavyosema", na kanuni ikigeuka amri, somo limekwisha.

Hata kisa cha Archimedes mwenyewe tunakisimulia vibaya. Wote tunamjua mzee wa Syracuse, aliyeishi takriban miaka 287 hadi 212 kabla ya Kristo, aliyeruka kutoka birikani akikimbia uchi barabarani kwa furaha ya kugundua namna ya kupima taji la mfalme. Aliyetuachia kisa hicho ni Vitruvius, Mrumi aliyeandika zaidi ya miaka 150 baada ya Archimedes kufa. Na ukikisoma vizuri, kinahusu ujazo: taji linafurisha maji kiasi gani, na dhahabu ya uzito ule ule inafurisha kiasi gani. Msukumo haumo kabisa. Galileo naye, mwaka 1586 akiwa kijana wa miaka 22, aliandika kwamba njia hiyo ni ya kukisia mno kwa mtu makini kama Archimedes, akapendekeza mizani ndogo ambayo upande mmoja umezamishwa majini. Msukumo umo hapo. Mwalimu akitaka kisa cha kufungulia somo, ningemshauri achukue cha Galileo, ingawa hakina mtu anayekimbia uchi na wanafunzi watalalamika.

Sasa maswali yenyewe, yale yanayoitwa shirikishi. Neno "shirikishi" limechakaa kwa semina, siku hizi hata kuimba pamoja huitwa ushirikishi. Ninachokitaka mimi ni swali lenye hatua tatu: mwanafunzi anabashiri na kujifunga na ubashiri wake, kitu chenyewe kinajibu, kisha anatakiwa ajieleze mbele ya jirani aliyebashiri tofauti. Katika mada hii tuna bahati ambayo mwalimu wa atomu hana. Anayejibu ni maji, na maji hayamwogopi mwalimu wala hayampendelei mtoto wa mwenyekiti.

Anza kisimani. Mtoto yeyote wa vijijini Korogwe au Handeni aliyewahi kuteka maji kwa kamba anajua kwamba ndoo iliyojaa, ikiwa bado imezama, huvutwa kwa wepesi wa ajabu, na mkono hushtuka pale inapochomoza juu ya maji. Uliza: ule uzito wa lita 20, yaani niutoni 200 hivi, ulikuwa wapi ndoo ilipokuwa chini? Weka majibu manne. La kwanza, maji yakiwa ndani ya maji hayana uzito. La pili, uzito upo, ila maji ya nje yanaubeba. La tatu, mvutano wa dunia hupungua chini ya maji. La nne, kamba ilikuwa imelegea. Kila jibu la kosa hapo ni fikra halisi ya mtu halisi. Halikuwekwa kujaza nafasi. La kwanza linavutia kuliko yote kwa sababu lina chembe ya ukweli, na tena kwa sababu neno letu "uzito" linabeba mizigo miwili: ule wingi wa kitu ambao vitabu huuita tungamo, na ile nguvu ya kuvutwa chini. Mwalimu mzuri atalisubiri jibu hilo kama mvuvi.

Kisha leta kithibitisho. Shule haina mizani ya springi? Kata utepe wa mpira wa manati, ufunge jiwe upande mmoja, ushike upande wa pili, na uweke rula pembeni. Jiwe likiwa hewani mpira umevutika, sema, sentimita 24. Lishushe majini pole pole na uangalie: mpira unajifupisha kadiri jiwe linavyozama, na baada ya jiwe kufunikwa lote, unaacha kujifupisha. Hapo darasa linaona mambo mawili kwa macho. Jiwe halijapoteza uzito, limepata msaidizi. Na msaidizi huyo haongezi nguvu kwa kina. Jiwe la kawaida lina densiti ya takriban mara 2.6 ya maji, kwa hiyo la kilo moja husaidiwa karibu gramu 385. Namba hiyo ije sasa, baada ya mpira. Ikitangulia inakuwa ya kukariri.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni la sufuria na jiwe. Ndoo ina maji, juu yake inaelea sufuria, na ndani ya sufuria kuna jiwe la kilo 1.3. Weka alama ya kalamu kwenye usawa wa maji. Ukilitoa jiwe kwenye sufuria na kulitumbukiza ndani ya ndoo, maji yatapanda, yatashuka, au yatabaki pale pale? Nimewauliza hata watu wenye shahada, wakapoteana. Maji hushuka. Jiwe likiwa sufuriani, ili libebwe, lazima maji ya kilo 1.3 yaondolewe mahali pake, yaani lita 1.3. Likiwa chini limelala, linaondoa ujazo wake tu, nusu lita. Kwenye ndoo yenye kipenyo cha sentimita 30, tofauti hiyo ni sentimita moja na ushei, inaonekana hata kwa aliyeketi nyuma. Swali hili lina nguvu kwa sababu linawatenganisha wawili ambao wanafunzi huwachanganya mwaka mzima: kinachoelea huondoa maji yenye uzito sawa na wake, kilichozama huondoa maji yenye ujazo sawa na wake.

Mengine niyapite haraka. Msumari na sufuria ya aluminiamu. Gogo la mpingo, ambalo huzama kwa kuwa densiti yake huzidi ya maji, na ule mti mrefu mkavu unaochomoza katikati ya mkonge mzee, ambao huelea karibu wote ukiwa juu. Yai bichi kwenye maji ya kunywa na kwenye maji ya chumvi. Kopo la maji juu ya mizani ya dukani, kisha mwanafunzi atumbukize kidole bila kugusa kopo: mizani inapanda au haipandi? (Inapanda. Maji yakikisukuma kidole juu, kidole nacho kinayasukuma chini.) Na kifuniko cha kalamu chenye kidonge cha udongo ndani ya chupa ya plastiki iliyojazwa maji: ukiibana chupa, kifuniko kinazama; ukiiachia, kinapanda. Hewa iliyomo imebanwa, nafasi imepungua, msukumo umepungua. Kwa mkoa wa Tanga swali hilo lina mwendelezo wake baharini. Silikanti, samaki wa kale ambaye kwa ajili yake Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009, hana kibofu cha hewa kama samaki wengi. Mahali pake pana kiungo kilichojaa mafuta. Kwa nini mafuta yamfae anayeishi kina kirefu? Aliyebana chupa atajibu.

Kuendesha maswali haya kwenye darasa la watu 70 kuna ufundi wake. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia chuo kikuu cha Harvard, alianza mwaka 1991 utaratibu ambao siku hizi unajulikana dunia nzima: uliza swali la dhana, kila mtu apige kura peke yake, kisha wajadiliane na jirani, kisha wapige kura tena, na ndipo mwalimu aeleze. Harvard walitumia vifaa vya kupigia kura. Hapa vidole vinatosha, kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili, na vishikwe kifuani ili jirani asichungulie. Kidole cha kifuani kina faida ambayo mkono wa juu hauna, kwani mkono wa juu hufuata mkono wa anayeongoza darasa. Wote wakipata mara moja, swali lilikuwa rahisi, endelea. Wote wakikosa, hakuna wa kumfundisha mwenzake, rudi kwenye ndoo. Wakigawanyika, nyamaza na uwaache wabishane. Hiyo dakika ya kunyamaza ndiyo ngumu kwetu walimu.

Na wakibishana, watabishana kwa lugha gani? Watoto hawa wamesoma sayansi kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, wakajua kuelea na kuzama kwa maneno yao. Miezi michache baadaye mada ile ile inarudi kwa Kiingereza, na maneno yake hayana shina nyumbani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango wa kufundishia, lakini sekondari Kiingereza kimebaki, na mtihani wa Baraza la Mitihani unakuja kwa Kiingereza. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amesisitiza kwa miaka mingi kwamba kuijua lugha na kufundishiwa masomo yote kwa lugha hiyo ni mambo mawili. Kwenye msukumo wa maji tofauti hiyo inaonekana waziwazi. Mwambie mwanafunzi abishane na jirani kwa Kiingereza kuhusu jiwe na sufuria, ubishi utakufa kabla haujazaliwa. Njia ya kati ambayo walimu wengi wanaitumia kimya kimya ni hii: ubashiri na ubishi kwa Kiswahili, hitimisho na hesabu kwa Kiingereza cha mtihani. Naiunga mkono, na sioni sababu ya kuifanya kwa kujificha.

Kukiacha Kiswahili kuna hasara nyingine, ya lugha yenyewe. Kiswahili kinasema chombo kinaelea, na kinasema pia jambo limenielea, yaani limenikaa wazi. Kinachokifanya chombo kielee hukieleza, na anayelifanya jambo liwe wazi hulieleza. Kama ni neno moja au mawili yaliyofanana, niwaachie wanaisimu wagombane. Lakini mwalimu mwenye lugha kama hiyo mkononi ana mlango wa kuingilia somo ambao mwenzake wa London hana.

Vipi kompyuta na simu? Vipo vitu vizuri. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia, inatoa bure majaribio ya kwenye skrini, yakiwemo ya densiti na kuelea, na baadhi ya majaribio yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Nyumbani, Shule Direct imekuwa ikiweka masomo ya sekondari mtandaoni tangu 2013, na Ubongo Kids, iliyoanza 2014, iliwaonyesha Watanzania kwamba mtoto anaweza kujibu swali la televisheni kwa ujumbe wa simu ya kitochi. Faida kubwa ya skrini ni kuonyesha kisichoonekana: mishale ya nguvu, tumbo na mgongo wa kitu, dunia yenye kimiminika kingine. Ila kuna aina ya zoezi la simu ambalo lina sura ya ushirikishi bila roho yake. Unabonyeza B, linakuambia umekosa, jaribu tena. Unabonyeza C, hongera. Mwanafunzi amejifunza kwamba B siyo. Zoezi la maana lingemwambia aliyechagua "mvutano wa dunia hupungua" jambo tofauti na aliyechagua "kamba imelegea", maana wamepotea njia tofauti. Kuandika majibu hayo ni kazi ya mwalimu anayewajua watoto, na kazi hiyo haipungui kwa kununua vishikwambi. Isitoshe, shule zetu nyingi haziruhusu simu, kwa hiyo mashine ya uhakika bado ni ndoo.

Liko eneo moja ambalo maswali ya vitabu hulikwepa, na kwa nchi yenye maziwa na bahari kama yetu ni kosa kulikwepa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikaendelea kuelea kifudifudi kwa saa kadhaa, watu wakiwa hai ndani. Waokoaji walitoboa sehemu ya chini ya meli, iliyokuwa imetazama juu, ili kuwatoa. Hewa iliyokuwa imenaswa ikatoka, na meli ikazama. Mwanafunzi aliyelibana kopo tupu kichwa chini ndani ya ndoo, kisha akalitoboa kitako, ataelewa kilichotokea kabla hujamaliza kusimulia. Mwalimu aulize kwa staha: anaweza kuwa na mtoto darasani ambaye babu yake alikuwamo.

Kivuko cha MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, kinafundisha jambo jingine. Uwezo wake rasmi ulikuwa abiria 101, waliopanda walizidi mara mbili ya hapo, na kilipinduka karibu na gati la Ukara. Wanafunzi husema "kilizidiwa uzito kikazama". Hapana, kilipinduka, na kanuni ya Archimedes peke yake haielezi kupinduka. Chukua ile sufuria, weka mawe matatu katikati, inaelea. Yasogeze mawe yale yale ubavuni. Uzito haujabadilika hata gramu moja, msukumo unaohitajika ni ule ule, na sufuria inalala upande na kunywa maji. Manahodha wa majahazi wa Pangani na Tanga walilijua hili kabla ya muhtasari wowote. Ndiyo maana lugha yao ina neno farumi, mawe au mchanga unaowekwa chini ya chombo kisicho na shehena ili kisiyumbe. Uingereza nayo ilifika kwenye sheria ya mstari wa shehena ubavuni mwa meli mwaka 1876, kwa kelele za mbunge Samuel Plimsoll. Mpe mwanafunzi sufuria, maharage na kalamu, mwambie achore mstari wake mwenyewe na autetee. Zoezi hilo linameza dakika 40, na sijaona kipindi kilichotumika vizuri zaidi.

Yote haya yanategemea namna mwalimu anavyopokea jibu la ajabu. Juu kidogo ya tambarare hizi, Lushoto, ipo Magamba, ambako mwaka 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba aliona mchanganyiko wake wa maziwa ya moto ukiganda upesi kuliko wa wenzake uliokuwa umepoa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza mpaka akamuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo.

Siku ile ya machungwa, kipindi kilipokaribia kwisha, binti mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha mkono. "Samahani mwalimu, chungwa hili lililomenywa, tukilitupa baharini kule Pangani litazama au litaelea?" Mwalimu alifikiri. Maji ya bahari yana densiti ya takriban mara 1.025 ya maji ya kunywa, na chungwa lenye sukari yake haliko mbali na hapo; huenda hili likazama na lile likaelea. Alitazama ndoo, akatazama saa. Kisha akamtuma kijana wa boya jikoni kwa mpishi, akaombe chumvi.